Kurasa za Kumponza Vuong

Mwezi wa Kwanza, tarehe 1

Mwaka umeanza na nuksi. Mimi na mama mkwe tulikuwa tumepanga kwamba mtu wa kwanza kukanyaga kizingiti chetu leo awe Lieu, muuza mayai, kwa sababu ana watoto watano, ana kicheko, na hajawahi kugombana na mtu. Anayeingia wa kwanza ndiye anayekuletea bahati ya mwaka mzima, kila mtu anajua. Nikafagia, nikafungua mlango, nikakaa kumsubiri Lieu. Akaingia Vuong.

Vuong! Na viatu vipya, na kikapu cha machungwa.

"Heri ya mwaka mpya, dada Ngan! Nimesema mwaka huu nianzie kwa dada yangu."

"Umewahi," mama mkwe akamjibu, tambuu shavuni. "Wenye kuwahi hivyo ni majogoo na wezi."

Vuong akacheka. Huwa anacheka hivyo akiambiwa ukweli.

Acha niandike, labda hasira itashuka. Miaka minne nilitafuta kijani. Laka ni utomvu wa mti, na tumbo lake ni jeusi. Ukiipa rangi inaimeza na kukurudishia kahawia. Nyekundu tunayo, dhahabu na fedha tunabandika, weupe tunaupata kwa maganda ya mayai ya bata. Kijani, wazee walikwisha kata tamaa. Mimi nilijaribu juu ya vibao sitini na kimoja, na kila kibao nikakipa ukurasa wake katika kitabu changu cha michoro chenye jalada la bluu: nimetia nini, kiasi gani, hewa ilikuwaje, kimekauka siku ngapi. Kibao cha sitini na moja kilitoka kijani cha mpunga mchanga. Nililia kama mjinga. Na mtu wa kwanza kumwonyesha alikuwa Vuong, kwa sababu tulifundishwa na mwalimu mmoja na tulikula chungu kimoja miaka saba.

Akaniomba kitabu kwa siku moja. Kilikaa kwake mwezi. Mwaka jana kwenye sikukuu ya kijiji, ubao wake wa kijani ukashinda, jina lake likasomwa kwa ngoma mbele ya hekalu, na alipoulizwa ameipata wapi rangi hiyo akasema ameoteshwa na marehemu mwalimu wetu. Ameoteshwa! Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia la wali wa kunata mkononi, nimeduwaa.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Na leo anakuja kunianzishia mwaka.

Tarehe 2

Machungwa yake nimewatupia nguruwe wa jirani. Wameyala yote. Hawana aibu hata kidogo.

Tarehe 5

Mpiga ngoma wa hekalu amepita nyumba kwa nyumba kutangaza. Mwaka huu wazee wanataka picha ya bwawa lililo mbele ya hekalu. Ubao utakaochaguliwa tarehe kumi ya mwezi wa tatu utatundikwa juu ya madhabahu, daima, na jina la mchoraji litachongwa chini yake.

"Sasa," mama mkwe akasema, "acha kununa, upake."

Nina ubao tayari, mkubwa, nimeuandaa tangu mwaka jana kwa matabaka tisa ya msingi. Mweusi, laini, unaona uso wako ndani yake. Nimeuangalia leo na nikauona uso wa Vuong.

Tarehe 7

Nimepata. Nilikuwa natwanga maganda ya mayai nikaacha mchi hewani.

Vuong hana wazo kichwani, ana macho tu na mkono mzuri. Mkono wake mzuri, hilo siwezi kulikana. Lakini bwawa hawezi kuliwaza mwenyewe. Atakuja kutafuta kitabu kingine. Basi atakikuta! Nitamwandikia kitabu kizima cha uongo, akipake kwenye ubao wake, na siku ya sikukuu kazi yake iharibike mbele ya ukoo wake, wazee, na yule mpiga ngoma.

Nimecheka peke yangu mpaka mama mkwe akauliza kama nimeota jino.

Tarehe 12

Siku tano naandika. Sikujua uongo una kazi nyingi hivi.

Kwanza kitabu lazima kizeeke. Nimekiloweka pembeni kwa chai, nimekining'iniza juu ya chungu cha wali kinachofuka mvuke, nimekidondoshea laka na kukipaka vidole. Kisha nikaandika majaribio yaliyoshindwa, thelathini na nane, kila moja na tarehe yake na mvua yake. Mwongo mzuri huanza kwa kukiri makosa.

Ukurasa wa thelathini na tisa ndio wenye sumu. Kila mwanafunzi wa laka hufundishwa jambo moja kabla hajakabidhiwa brashi: usipake tabaka juu ya tabaka bichi. La juu litakauka, la chini litabaki bichi, na ngozi ya juu itajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hapo kazi imekufa. Mimi nimeandika kinyume chake. Paka nene. Kabla halijakauka, pitisha ute wa yai la bata. Siku fulani ongeza la pili, siku fulani la tatu, la nne, halafu karatasi ya fedha, halafu kijani. Siku zenyewe nilizitoa hewani tu, jinsi zilivyonijia. Na nimeeleza sababu kwa maneno matamu: ati ute huiziba laka pumzi, kwa hiyo tabaka la chini hukauka kuanzia chini kwenda juu. Upuuzi mtupu! Nilipousoma tena nikakaribia kuuamini.

Kando yake nimechora bwawa la hekalu, upepo ukipita juu ya maji. Ni mchoro bora kuliko yote niliyowahi kuchora. Ukitega, tega na nyama.

Tarehe 15

Mwezi mpevu. Amekuja, kama nilivyojua, maana picha ya marehemu mwalimu iko kwangu (mimi ndiye niliyemuuguza, si yeye) na kila mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka anakuja kumchomea ubani ili watu waseme ana adabu.

Kitabu nilikiacha mezani, kimefunguka nusu, chini ya kikombe. Nikasema, "Kaka Vuong, kaa, nikachemshe maji." Nikaenda jikoni na kusimama kwenye ufa wa mlango.

Aliinama mara tatu mbele ya mwalimu. Akageuka. Akakiona. Nyie! Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeona bakuli la supu baada ya kufunga siku tatu. Alisoma amesimama, midomo inatembea. Akatazama mlango. Akakisukumia ndani ya koti, kwapani.

Nikarudi na chai. Akanywa kwa mkono mmoja, ule mwingine ameubana ubavuni utadhani umevunjika.

"Mkono umefanya nini, kaka?"

"Ah, baridi tu, dada. Uzee."

"Pole. Chukua keki."

Akaitazama keki. Mkono mmoja una kikombe, mwingine una kitabu changu. Mama mkwe, ambaye hajui lolote, akaichukua keki na kumtilia mdomoni mwenyewe. "Kula, mwanangu. Umekonda kwa kuota ndoto."

Alipoondoka sikuweza kusimama kwa kucheka. Kisha kicheko kikaisha na nikabaki nimekaa. Kweli amechukua. Nusu yangu ilikuwa inatumaini hatachukua.

Tarehe 20

Unyevu umeingia. Kuta zinatoa jasho, sakafu inateleza, nguo hazikauki. Wauza vitambaa wanalia, sisi wa laka tunashukuru, maana laka hukauka vizuri hewa ikiwa imelowa. Manyunyu tangu alfajiri.

Tarehe 28

Manyunyu.

Mwezi wa Pili, tarehe 3

Lieu amekuja na mayai. Anatuuzia sisi wote, mimi na Vuong, na ulimi wake haukai ndani.

"Dada Ngan, mwenzako amerukwa na akili. Kaka Vuong ameagiza mayai mia mbili ya bata. Nikasema, kaka, unataka maganda ya kubandika? Akasema hapana, maganda rudi nayo, mimi nataka ute."

"Ute!"

"Ute, dada. Viini tumekula mtaa mzima. Mume wangu amesema akiona tena kiini cha yai anahama."

Nikamnunulia mayai yote yaliyobaki. Nimepika kumi, tumekula mimi na mama mkwe, na nimehisi utamu ambao sijauhisi tangu mume wangu alipokuwa hai.

Tarehe 9

Mama mkwe amenikuta nimekaa mbele ya ubao wangu, brashi kavu.

"Lini unaanza?"

"Kesho."

"Jana ulisema kesho. Unamfikiria nani?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atacheka, yeye aliyemwita mwizi usoni. Akatafuna tambuu muda mrefu.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe, Ngan."

"Thubutu! Mimi niko nje ya kisima, mama. Nimekaa ukingoni na kiti changu."

"Na bwawa la hekalu utalichora ukiwa umekaa ukingoni mwa kisima cha Vuong?"

Mzee huyu akiamua kukukera hashindwi.

Tarehe 10

Sikupaka.

Tarehe 16

Nimepita kwa pikipiki nyuma ya nyumba ya Vuong, nikapunguza mwendo. Harufu! Kali, chachu, harufu ya laka bichi iliyofungiwa. Iliyokauka hainuki hivyo. Basi amepaka juu ya bichi, amefuata kila neno. Nimeimba njia nzima mpaka soko la samaki.

Tarehe 21

Lieu: "Laka imemla uso kaka Vuong. Macho hayaonekani, masikio kama maandazi. Mkewe anamkanda kwa maji ya majani ya khe, dawa ya upele wa laka."

Watu husema laka huchagua uso wa kuula. Mimi imenila mara moja tu, nilipokuwa msichana, ikaniacha. Vuong haijamla miaka ishirini. Imemngoja. Nimechoma ubani mbele ya mwalimu kushukuru, halafu nikaona haya, nikauzima, halafu nikauwasha tena.

Tarehe 22

Nimeanza ubao wangu. Nimechora mstari wa ukingo wa bwawa. Nimeufuta.

Tarehe 27

Leo Lieu hakucheka. Aliweka kikapu chini taratibu.

"Nimeuona, dada. Mlango ulikuwa wazi. Ubao wake."

"Umejikunja? Umekufa?"

"Umejikunja, ndiyo."

"Ehee!"

"Lakini dada, sijui niseme nini. Yale maji yanatembea."

"Yanatembea vipi? Ni laka, Lieu. Imeoza."

"Mimi nauza mayai tu," akasema. "Nilisimama pale mpaka bata niliokuwa nimewabeba wakatoka kikapuni."

Lieu hajui kazi. Mtu anayesifia kalenda ya duka la dawa, atajua nini? Nimemkasirikia mpaka jioni.

Mwezi wa Tatu, tarehe 3

Leo ni sikukuu ya chakula baridi. Tumekula vidonge vya mchele na ufuta. Manyunyu. Zimebaki siku saba na ubao wangu ni mweusi vilevile. Sijali. Nitakwenda sikukuu mikono mitupu, nirudi nimeshiba.

Tarehe 10

Niandike polepole, kwa sababu nataka nijue nilifanya nini.

Nilivaa gauni la hariri la kijani. Kwa makusudi. Mama mkwe alikataa kuja, alisema magoti, lakini si magoti. Uani kwa hekalu palijaa watu, moshi wa ubani, nguruwe mzima wa kuchoma juu ya meza. Mbao nane zilikuwa zimeegemezwa kwenye nguzo, na umati wote ulikuwa mbele ya mmoja. Nikasema moyoni, wamekusanyika kuona aibu yake. Nikapenya kwa viwiko.

Hakuna aliyekuwa anacheka. 

Ulikuwa umejikunja, kama nilivyopanga. Ngozi ya juu ilikuwa imenywea juu ya tabaka bichi, mikunjo midogomidogo, maelfu, yote imelala upande mmoja kwa sababu ubao uliinamishwa wakati wa kukauka. Na fedha ilikuwa imeingia ndani ya mikunjo, na kijani changu, kijani changu cha miaka minne, kilikuwa kimekaa juu yake, chembamba mgongoni mwa kila mkunjo na kizito bondeni. Ukisogeza kichwa, upepo unapita juu ya bwawa. Nilisogeza kichwa. Ulipita. Nilisogeza tena.

Nilijua mara moja kwamba nilikuwa nikitafuta kitu hiki maisha yangu yote, na kwamba nilikiandika kwa chuki, na kwamba kimetoka kwa mkono wa mwizi.

Vuong alikuwa kando, uso bado una magamba ya laka, anapokea pongezi. "Ni kazi ya miaka," alikuwa akisema. "Usiku mmoja marehemu mwalimu alinijia..."

"Mwongo!"

Sauti ilikuwa yangu. Watu wakageuka. Wazee watatu waliokuwa mezani wakasimama, na katikati yao Mzee Bach, mkubwa wa wapaka laka wa kijiji chetu, ana miaka themanini na nne na vidole vyeusi mpaka kifo.

"Nani huyo anapiga kelele mbele ya madhabahu?"

"Mimi Ngan, babu. Ubao huu ni wangu."

Kicheko hapa na pale. Vuong akanyoosha mikono. "Jamani, dada yangu hajambo? Kila mtu ameniona napaka. Lieu ameniona! Mke wangu ameniona!"

"Umepaka wewe," nikasema. "Lakini umepaka ukurasa wangu. Uliuiba mezani kwangu mwezi mpevu, ukautia kwapani, ukanywa chai kwa mkono mmoja. Kanusha mbele ya hekalu! Weka mkono kwenye madhabahu useme hukuiba!"

Akautazama ule mkono wake kama si wake. Hakuuweka. Mkewe akainamisha kichwa. Watu wakaanza kuguna, na lile guno lilinipendeza, Mungu anisamehe, lilinipendeza kuliko muziki.

Ningenyamaza hapo. Ningenyamaza hapo, ningekuwa nimepata kila kitu! Lakini nilikuwa nimebeba maneno mengine tangu mwezi wa kwanza, na nilitaka ayasikie.

"Na tena hukujua kwamba ni mtego, mpumbavu wewe! Nimekuandikia uongo kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angejua. Tabaka juu ya bichi! Ute wa yai! Nilitaka kazi yako ife hapa leo, mbele ya watu wote, nawe umeibeba kwa mikono miwili ukaileta!"

Watu wakamwacha Vuong. Sasa walikuwa wananitazama mimi.

Mzee Bach akashuka ngazi, akaja mpaka mbele ya ubao. Akaunusa. Akaitazama ile mikunjo karibu, pua inagusa.

"Chini ni bichi," akasema. "Upepo mkavu ukija, mwezi wa kumi, huenda utapasuka. Huenda usipasuke. Sijawahi kuona kitu hiki, siwezi kujua." Akageuka kwangu. "Mwanangu, umesema mambo mawili. Umesema ubao ni wako. Umesema ubao ni mtego. Chagua moja."

"Yote mawili ni kweli, babu."

"Hilo nimelisikia. Lakini mimi ninapaswa kuwaambia watu. Ukiwa ni wako, basi ni mzuri, tutautundika juu pale na jina lako litachongwa, peke yake, kwa sababu huyu amenyamaza. Ukiwa ni mtego, basi ni mbaya, tutautoa nje sasa hivi na yeye atatoka nao huku watu wanamwona. Vyote viwili huwezi kuvibeba. Ni mzuri au mbaya?"

Nikamtazama Vuong. Na yeye alikuwa ananitazama, na machoni mwake, wallahi, kulikuwa na ombi. Alitaka niseme ni mzuri. Alikuwa tayari kupoteza jina, mradi picha ipone. Alikuwa ameupenda ubao ule.

Laiti asingenitazama vile. Nikaona: nikisema mzuri, kila sikukuu atakuja hapa, atasimama chini yake, atasema moyoni, mkono wangu ule. Atafurahi. Sitaki afurahi.

"Mbaya," nikasema.

"Rudia."

"Ni mbaya, babu. Ni kazi iliyooza."

Mzee Bach alikaa kidogo kama mtu anayengoja mtoto abadilishe neno. Kisha akawaashiria vijana wa hekalu kwa kichwa. Waliubeba wanne, na Vuong nyuma yake, na watu wakawapisha na wengine wakamzomea, "Ameoteshwa! Ameoteshwa!" Ulipopita karibu yangu jua lilichungulia kidogo mawinguni, na upepo ukapita juu ya maji mara ya mwisho.

Aliyeshinda ni mtoto wa fundi mapipa. Amechora samaki wanne wekundu, wote wanatazama upande mmoja kama wamepanga foleni. Jina lake limesomwa kwa ngoma.

Tarehe 11

Mama mkwe ameuliza, "Umeshiba?" Nikasema ndiyo.

Tarehe 12

Watu wananisalimia kwa heshima na kuwafungia watoto wao ndani. Mchuuzi wa tofu ameniuliza kama tofu yake ni mbaya au nzuri, wenzake wakacheka.

Tarehe 14

Ninaona ile mikunjo nikifumba macho. Nimechukua ubao wangu mweusi, ule wa matabaka tisa. Nimeagiza mayai.

Tarehe 17

Tabaka la kwanza, nene. Ute. La pili. Limejikunja, lakini limejikunja ovyo, kama kitambaa cha jikoni. Nimelikwangua. Labda niliwahi mno. Niliandika siku ngapi kati ya la kwanza na la pili? Moja? Mbili?

Tarehe 19

Siku moja: ovyo. Kibao kingine, siku mbili: halikujikunja kabisa.

Tarehe 21

Manyunyu yamekatika. Kuta zimekauka, nguo za mama mkwe zimekauka, jirani wameanika magodoro. Nimetundika magunia mabichi chumbani nidanganye laka kwamba unyevu bado upo. Laka haidanganyiki, mimi ndiye mwongo humu ndani.

Vitabu vyangu vyote vya kweli viko rafuni, kumi na viwili. Nimevipekua kimoja kimoja. Kila nilichowahi kujaribu kwa moyo safi kimo, na kiasi chake, na tarehe yake. Zile namba nilizozitoa hewani kwa ajili ya Vuong hazimo popote. Nilizinakili wapi? Nani hunakili uongo?

Tarehe 23

Kibao cha kumi na tisa. Hakuna.

Kitabu kiko kwake. Nimezunguka na neno hilo siku nzima kama mwenye mfupa kooni. Mama mkwe akasema, "Nenda mwenyewe." Siwezi kwenda mwenyewe. Nimemwita Lieu. Nimemwambia: mwambie kaka Vuong namwomba kitabu, ukurasa mmoja tu, hata asiponipa auandike upya kwa mkono wake. Mwambie dada anaomba. Lieu akasema ataenda kesho na mayai.

Tarehe 24

Amerudi kabla ya saa sita. Hakuingia, amesimama mlangoni na kikapu.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta uani, anasugua ubao kwa maji na msasa. Ule ubao, dada. Ameusugua wote mpaka mweusi. Anasema mbao nzuri haitupwi, anataka kuchora farasi. Kuna mtu mjini anataka farasi."

Nikashika mlango. "Na kitabu?"

"Nimemwambia kama ulivyonituma. Kwamba unaomba." Akahamishia kikapu mkono wa pili.

"Sema, Lieu."

"Amesema, 'Dada alisema mbele ya wazee kwamba ni mbaya, na mimi dada yangu simkatalii tena.' Halafu akaniambia nikae, nisubiri chai. Mkewe alikuwa ameshawasha jiko, na yeye alikuwa anachana karatasi na kuzitia motoni, moja moja, anapuliza. Mimi sikujua ni karatasi gani! Nilidhani ni magazeti. Nimeona mchoro wa bwawa ukipinda ndani ya moto ndipo nikajua, na maji yalikuwa yamechemka."

"Ukafanya nini?"

"Nifanye nini, dada? Alinimiminia. Nilikunywa."

Nje jua kali, hewa kavu. Mama mkwe ameketi ndani, hatafuni. Vuong atachora farasi wake na watamsifu, mkono wake ni mzuri. Hakuna alichopoteza yule. Kilichosuguliwa kilikuwa changu, na kilichochomwa kilikuwa changu, na aliyesema ni kibaya ni mimi.